Mume anataka Bagamoyo, mimi nataka Tanga

Asalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka sita aliyeko darasa la kwanza na mvulana wa miaka mitatu. Tunakaa Kimara, nyumba ya kupanga, huu mwaka wa saba. Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi, amejiajiri, wateja wake wako Mikocheni, Masaki na Posta. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani: sare za shule, madera, na nguo za harusi msimu ukifika.

Kilichonifanya nikuandikie ni gari la shule. Linapita kwetu saa kumi na dakika arobaini alfajiri kwa sababu binti yetu ndiye wa kwanza kuchukuliwa. Likishampakia linaanza kuzunguka kuokota wenzake, mpaka saa moja na nusu ndipo linafika shuleni. Mimi naamka saa tisa na nusu. Namvalisha akiwa bado usingizini. Juzi nimemvalisha soksi, nikageuka kuchukua viatu, kurudi nakuta kalala kifudifudi kwenye kochi, andazi liko mkononi hajaling'ata. Jioni anarudi saa kumi na moja. Kwenye daftari la mawasiliano mwalimu ameshaandika mara tatu: "Mtoto anasinzia darasani, wazazi mumlaze mapema." Tumlaze mapema saa ngapi, Shangazi? Baba yake anaingia saa tatu usiku, na mtoto hakubali kulala mpaka amwone.

Tumekubaliana kuhama Dar. Hilo halina ugomvi. Ugomvi ni wapi. Kaka yangu anatuvuta Morogoro, lakini yeye hana mtoto wa shule, sifa zake zote ni milima na hewa. Mume wangu anataka Bagamoyo. Mimi nataka Tanga, ambako ndiko kwao.

Desemba tulikaa Tanga wiki mbili kwa mama mkwe, Ngamiani. Binti alijua baiskeli kwa siku nne, barabarani mbele ya nyumba. Tulikwenda kuogelea Raskazone. Nikamtuma mtoto dukani, Shangazi, akaenda akarudi na chenji! Kimara sijawahi kumtuma mtoto dukani. Mama mkwe anaishi kwenye nyumba ya vyumba sita aliyoiacha baba mkwe, Mungu amrehemu. Wifi yangu yumo humo na wanawe watatu, vyumba viwili viko wazi. Siku moja mama akatushika mkono, akasema njooni mkae bure, hela ya kodi mtajengea. Akatufungulia chumba alichokuwa akilala mume wangu enzi za shule. Kitanda chake cha mbao bado kipo, mama kakitandika shuka mpya. Mimi machozi yalinitoka. Mume wangu akasema anakwenda kununua vocha, akarudi saa nne usiku.

Tangu siku hiyo hataki kusikia neno Tanga. Mji umelala, anasema, viwanda vimekufa, wamebaki wazee na baiskeli. Bagamoyo ni karibu, atakwenda na kurudi kila siku, wateja wake hatawapoteza. Na nyumba ameshaiona huko, karibu na bahari, kodi si mbaya. Mimi naona Tanga kuna makazi ya bure, kuna bibi wa kunishikia watoto, na watu wanasema bomba la mafuta linaleta hela.

Tuchague mji upi? Na je, ni vibaya kukaa kwa mama mkwe?

Mama Wawili, Kimara

*

Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Kwanza ujue unamwandikia nani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa hapa na nimezalia hapa, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana nitaanza na Bagamoyo, nikiishaitendea haki nije kwetu.

Bagamoyo si mahali pabaya kulelea mtoto. Ni mji mdogo, bahari iko pale, hospitali ya wilaya iko pale, na jioni ukipita karibu na chuo cha sanaa cha TaSUBa unasikia ngoma zikifundishwa, mtoto anakua nazo masikioni. Ila siku hizi mtu akikwambia amehamia Bagamoyo, muulize Bagamoyo ipi. Wengi wako Mapinga na Kerege, ambako kwa makaratasi ya wilaya ni Bagamoyo lakini kwa foleni ni Dar. Kama nyumba aliyoiona mumeo iko huko, basi mnahama Kimara kwenda Kimara nyingine yenye upepo.

Na kama iko mjini kwenyewe, hebu tuhesabu. Kutoka Bagamoyo mjini hadi katikati ya Dar ni kilomita 65 hivi. Kilomita hizo si kitu, kitu ni Bunju, Tegeta na Mwenge. Mumeo si karani anayebeba kalamu. Ana boksi la vifaa, ana mtungi wa gesi, ana ile pampu ya kuvutia hewa ambayo peke yake ni mzigo wa mtu. Ili awe kwa mteja wa Masaki saa mbili, atatoka Bagamoyo saa kumi na moja alfajiri. Mteja wa Posta naye, kiyoyozi kikimgomea saa kumi jioni, hatakubali aambiwe fundi ameshaondoka anawahi gari. Sasa rudi kwenye barua yako: umesema mtoto halali mpaka amwone baba yake. Pale Bagamoyo atamwona saa ngapi? Foleni mliyomvua binti mtakuwa mmemvika baba, na binti ataendelea kukesha akimsubiri.

Nyumba za namna hiyo nimeziona. Mwaka wa kwanza baba anarudi kila siku. Mwaka wa pili anapanga chumba Sinza, cha siku zile kazi zikizidi. Mwaka wa tatu anakuja Ijumaa. Simsemei mumeo mabaya, nasemea barabara. Kama nusu ya kazi zake angeweza kuzipata huko huko, kwenye hoteli za ufukweni za Bagamoyo, basi ningekwambia funga mizigo kesho, na mimi ningekuja kuwatembelea. Muulize ameshaongea na hoteli ngapi. Kama jibu ni bado, basi hajachagua mji wa kufanyia kazi, amechagua mahali pa kulala.

Morogoro naipita haraka. Nitasema moja tu: treni ya umeme, tangu 2024, inafika Dar kutoka Moro chini ya saa mbili, kwa hiyo mtu wa ofisini anayekaa kwenye kiti na kompyuta yake ningemwambia akaitazame. Mtu wa mtungi wa gesi, hapana.

Haya, tuje Tanga. Hapa nitakuudhi kidogo.

Mumeo hajasema uongo. Mji huu uliwahi kuishi kwa mkonge, na mkonge ulipoanguka tulianguka nao. Jiji tuliitwa mwaka 2005, lakini kwa sensa ya 2022 tulikuwa watu 393,429, na nyie huko mmepita milioni tano. Wateja ni wachache, na mfuko wa mteja ni mdogo. Wewe dera unaloshonea Kimara kwa bei fulani, hapa utaombwa upunguze, kisha utaambiwa "dada, nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi." Ukija ujue hilo. Sare za shule zitakulipa zaidi ya nguo za harusi, maana sare haina mwezi wa kukopa, Januari ikifika mzazi analipa. Kabla ya kuhama nenda soko la Mgandini, zungumza na wenye maduka ya sare, uliza nani anawashonea na wanalipa vipi kwa dazeni.

Bomba la mafuta nalo ni la kweli, si hadithi. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima kule Uganda hadi Chongoleani, rasi ambayo naiona nikisimama ufukweni. Lakini kazi ya kujenga huita watu wengi, kazi ya kulinda matangi huita wachache, na hao wachache huja na vyeti vyao. Usihamishe watoto kwa habari za bomba. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa bandari kubwa pale Bagamoyo, kuna walionunua viwanja kwa kusikia hivyo, na meli hawajaiona hadi leo. Mji unachaguliwa kwa kazi iliyopo asubuhi hii.

Kazi ya mumeo ipo asubuhi hii. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, na ile sehemu ya kiyoyozi inayokaa nje inaliwa, mapezi yanakuwa kama biskuti iliyolowa. Kuanzia Desemba hadi Machi joto ni la kukaa mlangoni na kanga moja. Wavuvi wa pale ufukweni Deep Sea wanahitaji barafu, wauza maziwa wanahitaji baridi, ofisi, zahanati, nyumba za Raskazone, wote wana mashine zinazokufa. Mwezi wa tatu uliopita friji yangu iligoma. Fundi nilimsubiri siku tisa. Akaja jioni, akagusa nyuma, akasema gesi imeisha, ngoja nikachukue mtungi nyumbani. Hadi leo hajarudi, na ameacha bisibisi yake juu ya meza yangu. Fundi anayefika siku aliyosema atafika, mji huu utambeba mabegani.

Kwa hiyo sababu ya kazi, aliyokupa mumeo, ina uzito lakini si uzito wa kumfanya asitake hata kusikia jina. Kuna kitu kingine, na umekiandika mwenyewe bila kukitilia maanani. Mtu hanunui vocha mpaka saa nne usiku.

Soma tena ule mstari wa kitanda. Wewe uliona shuka mpya ukalia kwa furaha. Yeye aliona kitanda alichoondokea. Huyu ni kijana wa Ngamiani aliyekwenda Dar kutafuta, akajifunza ufundi, akaoa, akapata watoto, mwaka wa saba anawalipia kodi bila kumwomba mtu. Leo mama yake anamfungulia mlango wa chumba cha mwanafunzi na kumwambia ingia. Mama hana ubaya, mama ni mama. Lakini kesho yake asubuhi mumeo akitoka na mswaki barazani, wazee wa mtaa watamsalimia kwa upole ule wa kwetu: "Ahaa, mgosi, umerudi?" Neno hilo moja. Huku kwetu mtu anayekuja na mtu aliyerudi si mtu mmoja. Aliyekuja ana shughuli. Aliyerudi ana mama.

Mimi nadhani mumeo anakimbia vile vyumba viwili vya bure, na Bagamoyo ndiyo njia ya karibu ya kuvikimbia. Ukimwambia hivi hivi atakataa, kwa hiyo usimwambie. Wewe mwambie jambo lingine: "Nataka Tanga, ila kwa mama hatukai. Tupange nyumba yetu, kodi ulipe wewe." Kisha mtazame uso.

Na hata kama mumeo angekuwa hana neno, bado ningekukataza. Kwanza, vile vyumba si vya mama mkwe kuvitoa. Baba mkwe amefariki. Je, mirathi imefunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Nyumba imegawanywa, au mnaiita tu "nyumba ya mzee"? Kama mnafuata sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane. Kinachobaki, baada ya wengine wenye mafungu kama wapo, ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Maana yake kila dirisha la nyumba ile lina sehemu ya wifi yako, na sehemu ya shemeji zako wote kama wapo. Bure anayokupa mama ni ya watu ambao hawajaulizwa.

Nikupe la jirani yangu. Walikuja kutoka Dar, mke na mume na mapacha, wakaingia kwenye nyumba ya familia kama hiyo yenu. Choo kilikuwa uani, cha watu wote. Mke, mtu wa usafi, akasema hapa tutengeneze. Wakajenga bafu zuri, vigae vyeupe vyenye ua la buluu, vilikuja na basi kutoka Kariakoo vimefungwa kwa magodoro. Miezi mitano wanafurahi. Kisha yakaja maneno madogo, nani kamaliza maji, nani kaacha taa ya LUKU inawaka, mtoto wa nani kachora vigae. Siku moja asubuhi mke anakwenda kuwaogesha mapacha anakuta kufuli. Wifi yake kalifunga. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, anapepeta mchele: "Bafu limejengwa kwenye fungu langu." Na kisheria, mwanangu, nani angemwambia amekosea? Waliondoka na mapacha wao, vigae vikabaki. Mpaka leo nikipita naviona mlango ukiwa wazi.

Bibi ni neema akiwa karibu. Mtoto akiamka na homa usiku unamgongea bibi, wewe asubuhi ukiwa na sare arobaini za kumalizia bibi anamshika mdogo, alasiri bibi anawasindikiza madrasa. Hayo yote yanawezekana ukiwa unakaa dakika kumi kwa miguu kutoka kwake. Yanaharibika ukiwa unakaa ukuta mmoja naye. Tafuteni Mikanjuni, Makorora, Nguvumali, au hata hapo hapo Ngamiani barabara nyingine. Mji huu ni wa tambarare na barabara za Ngamiani ni za namba, ya kwanza hadi ya 21, hata mtoto wa miaka sita hapotei: anahesabu tu.

Lakini usianze na nyumba. Wengi mnakosea hapo, mnapenda nyumba, mnalipa dalali mwezi wake na mwenye nyumba miezi sita yake, ndipo mnaanza kuulizia shule. Wewe kinachokutoa Dar ni gari la shule. Basi anza na shule, uipende, halafu chora duara ambalo binti atatembea bila kupandishwa gari, nyumba itafutwe humo ndani. Ikikosekana humo, subiri. Usije ukahama kilomita 350 ukaishia kumpandisha binti gari jingine.

Shule utaijuaje? Desemba hukuona shule hata moja, zilikuwa zimefungwa, uliona Tanga ya likizo. Na binti yako akifunga huko, na sisi tunafunga huku. Kwa hiyo njoo siku za masomo, siku tatu tu, binti umwachie baba yake. Simama getini saa moja kasorobo. Tazama watoto wanakuja kwa miguu au kwa bodaboda, na wanavuka barabara gani. Omba kuonana na mwalimu mkuu, kisha omba kwenda chooni, na uende kweli. Choo cha wanafunzi kitakuambia zaidi ya ofisi. Uliza darasa la kwanza wako wangapi na nani anawafundisha.

Suala la shule ya Kiingereza na ya serikali mlizungumze wawili. Shule ya serikali haina ada, na iko jirani. Kama mtamtoa kwenye mchepuo wa Kiingereza, huu ndio umri wa kumtoa, angali anaunganisha silabi. Mkingoja afike darasa la nne, kuna upimaji wa taifa, na mtoto anayebadili lugha ya masomo mwaka huo mnamwonea. Uhamisho ufanyike mwisho wa mwaka, shule anakotoka na anakokwenda zinaumaliza kwenye mfumo kwa namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, wewe kazi yako ni cheti cha kuzaliwa na kufuatilia. Na ada isiwe deni, maana shule nyingi za binafsi hazikuachii mtoto na deni. Mdogo bado, awali anaanza na miaka mitano. Mwache acheze.

Afya sina maneno mengi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, iko juu ya bahari, na kadi ya kliniki ya mdogo usiifungashe chini ya sufuria, iwe mkobani. Mbu tunao, tena wengi. Ile chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 ilijaribiwa kwa watoto wa Korogwe, jirani zetu, na kwa watoto wa Bagamoyo vilevile, kwa hiyo kwa mbu hakuna mji unaoweza kumcheka mwenzake. Neti zije na godoro, usiku wa kwanza.

Sasa mpangilio. Mumeo atangulie peke yake wiki mbili kipindi cha joto, kati ya Januari na Machi, na boksi lake la vifaa. Asilale kwa mama. Alale kwenye chumba cha kupanga au gesti, aende kwa mama kula mchana, kama mgeni mwenye shughuli. Azunguke na kazi, aandike kwenye daftari: kazi ngapi, kiasi gani, nani kalipa papo hapo na nani kasema kesho. Wateja wake wakubwa wawili watatu wa Dar asiwaage, awaambie atakuja mara moja kwa mwezi kufanya sevisi zao zote kwa siku tatu. Basi la asubuhi linamfikisha mchana, si mbali hivyo. Daftari likionyesha kwamba kazi haitoshi kulisha nyumba, mkae kwanza Dar, mhame Kimara tu kusogea karibu na shule, na mimi sitakuona mjinga.

Likionyesha inatosha, wewe njoo masika, mwezi wa nne. Tanga ya Desemba mmeshaiona, hiyo kila mtu anaipenda. Mwezi wa nne mvua inanyesha siku ya tatu mfululizo, mtaa una madimbwi, nguo hazikauki, cherehani inashika kutu, wewe unashuka stendi ya Kange na mtoto mgongoni na bajaji zote zimejaa. Zunguka na mwavuli kwenye ile mitaa mnayotaka kupanga uone maji yanakaa wapi. Nyumba ambayo Desemba ilikuwa na uwanja mzuri mbele, Aprili inaweza kuwa na bwawa.

Mama mkwe usimwambie "mwanao kakataa vyumba vyako", maana si mumeo kakataa, na wala si lugha ya kumwambia mama aliyetandika shuka mpya. Aende mumeo mwenyewe, akae naye kwenye mkeka, amwambie: "Mama, nakuja Tanga kufanya kazi. Nimepanga barabara ya pili kutoka kwako. Ijumaa tutakula kwako, Jumapili utakula kwetu." Atanuna siku mbili. Vile vyumba apangishe, kwa idhini ya wanawe wote, apate hela ya sukari.

Na kile kitanda mwombeni. Ni cha mbao, si sehemu ya ukuta. Kipandisheni kwenye mkokoteni, mumeo akisukume mwenyewe, mchana, wazee wa barazani wakiona, hadi kwenye nyumba aliyoilipia kodi. Mvulana wa miaka mitatu hatakaa kwenye kitanda cha mama yake milele.